Mpango wa Mafuriko Usio na Lori

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, asikudanganye mtu. Kudra binti Isihaka aliuandika kwa majuma matatu, akaupigisha chapa nakala sita, akachora na ramani: mto kwa penseli ya buluu, barabara kwa nyekundu, na vijiji vya bonde la Usangu kila kimoja na kiduara chake. Maji yakifika alama iliyopakwa rangi kwenye nguzo ya daraja, karani wa kata atapiga simu Mbeya. Mbeya itatoa malori sita. Malori yatateremka bondeni, yatabeba watu na kuwafikisha kwenye shule za msingi zilizo juu, kando ya barabara kuu, na huko watakuta unga, mablanketi na mganga. Kila kitu kilikuwa na saa yake na mtu wake. Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, Bwana Fanueli, mtu asiyesifu hata chai ya mkewe, aliusoma mpaka mwisho akasema huu sasa ndio mpango.

Hiyo ilikuwa Oktoba 1978. Muda si muda vita vikawaka Kagera, na malori yakaenda. Si sita; yote. Ya serikali, ya mashirika, ya ushirika, hata lile bovu la ujenzi lililokuwa linasukumwa kila asubuhi lilikazwa nati mbili tatu likaondoka na vijana wanaimba. Watu wa Mwanjelwa walijipanga barabarani kuwapungia. Kudra naye alipunga, tena kwa moyo wote, maana kaka yake alikuwemo jeshini; lakini aliporudi ofisini na kuitazama ile ramani, alikaa kitini akashika tama.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, Afisa Mipango Msaidizi, mtoto wa muuza vitambaa wa Miyomboni, Iringa, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kidogo kuliko cheo chake. Akaingia kwa Bwana Fanueli akamwambia mpango umekwenda vitani. Bwana Fanueli hakucheka. Akasema mkoa unataka karatasi ifikapo mwisho wa Desemba, karatasi ipo, ipelekwe kama ilivyo. Malori yatarudi siku moja. Na kama mvua haitayangoja malori, je? Hapo Bwana Fanueli akavua miwani, akaifuta taratibu, akasema yeye hapangi mvua.

Mwingine angepeleka karatasi akaenda zake nyumbani. Lakini Kudra alikuwa na jalada la msimu uliopita. Machi ya mwaka huo mto Ruaha ulikuwa umepanda, na katika kitongoji kimoja cha wafugaji, mahali panapoitwa Kwa Nkuba, walikufa watu saba. Taarifa ilitaja sababu kwa maneno mawili tu, kukosa usafiri. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na wa mwisho alikuwa Seni, umri miaka sitini. Kudra aliyasoma majina hayo mara nyingi mpaka yakawa yanamjia akiwa anakula. Ikiwa watu walikufa mwaka ambao malori yalikuwapo, msimu huu usio na lori hata moja itakuwaje? Hilo ndilo lililomnyima raha, wala si jingine.

Juma lililofuata akapanda basi hadi Chimala. Huko akamkuta Asukile, bwana mifugo, Mnyakyusa mrefu mwenye baiskeli mbili, moja ya kwake na moja ya kuwaazima wageni wa serikali ili wasimsumbue kuomba ile ya kwake. Wakateremka bondeni asubuhi nzima, jua la Novemba linawachoma migongo, na Kudra akifikiria namna ya kuwatoa watu mahali hapo kabla maji hayajawafikia.

Watu wa Kwa Nkuba walikuwa Wasukuma. Walihama kutoka kaskazini miaka minne nyuma wakifuata majani ya Usangu, na Mzee Nkuba ndiye aliyewaongoza. Mzee huyo aliwapokea wageni kwa heshima zote, akamwita Kudra mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. Mkutano ukakaa. Kudra akaeleza kwamba safari hii hakuna lori, kwa hiyo maji yakianza kupanda kila kaya iondoke mapema kwa miguu, mwendo wa saa nne, mpaka shule ya Itundula, kijiji cha Wasangu kilicho juu. Ng'ombe waachwe. Akauliza kama wamekubali. Wakakubali wote, na Mzee Nkuba akakubali mara mbili. Kudra akaandika "wamekubali", akapiga mstari chini yake, roho yake ikatulia.

Baada ya mkutano mama mmoja akawakaribisha maziwa ya mgando. Jina lake Kashindye, mjane wa yule Seni wa kwenye jalada. Alimngoja Kudra anywe kwanza, ndipo akasema bila kupandisha sauti:

"Wamekukubalia kwa sababu wewe ni mgeni, mwanangu. Hakuna atakayekwenda. Hata mwaka huu, Machi, lori lilikuja."

Kudra akashusha kibuyu. Lori lilikuja? Lilikuja, akasema Kashindye. Lilisimama pale penye mti, likapiga honi mpaka dereva akachoka, likarudi tupu. Kudra akamgeukia Asukile. Asukile akatazama viatu vyake. Kumbe naye alijua, na walioandika taarifa walijua, ila kuandika kwamba watu walikataa kupanda kungeleta maswali, na usafiri hauna mtu wa kuulizwa.

Kudra akapandwa na hasira. Watu wanaletewa lori mpaka mlangoni, wao wamekaa wanatazama mikia ya ng'ombe! Akasema neno ambalo alikuja kulijutia sana, kwamba ng'ombe hununuliwa, mtu hanunuliwi. Asukile akaanza kutafuta kofia yake, nayo alikuwa ameivaa.

Kashindye hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Kudra zaidi. Alimsogezea kigoda, akamuuliza taratibu:

"Wewe maji yakikutoa nyumbani kwako, utafikia kwa nani?"

Kudra akajibu, kwa mama yake mdogo, kule Mbalizi.

"Na mimi umenipangia kufikia kwa nani? Kwa shule?"

Basi akamweleza, kama unavyomweleza mtoto wa watu aliyesoma sana. Kwao kaskazini mtu mwenye akili zake hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa, wawili kwa rafiki huyu, watatu kwa rafiki yule, mbali, mahali ambako ukame wa huku haufiki na ugonjwa wa huku haufiki. Yule rafiki anakamua, anatumia samadi, akitunza vizuri anapewa ndama. Siku yako ikikufika, iwe njaa, iwe moto, unajifunga nguo unakwenda kwa rafiki, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini, kwa sababu ng'ombe wako wako pale. Hukuja kuomba, umekuja kwenye mali yako. Lakini huku Usangu walikuwa wageni, hawakuwa na rafiki hata mmoja, na ng'ombe wote walikuwa hapa hapa bondeni. Mtu akiwaacha akapanda lori, huko juu anashuka hana kitu wala hana mtu.

Kudra akauliza habari za Seni. Kashindye akasema mume wake hakuwa mjinga. Aliona maji yanakuja siku mbili kabla, akawaswaga ng'ombe kuelekea Itundula. Kwenye mashamba ya kwanza akakutana na mwenyekiti wa kijiji, Jailos, na watu wake wenye fimbo. Mahindi yalikuwa yamebeba. Hawakutaka kwato hata moja. Seni akaomba siku mbili, wakamrudisha. Maji yakamkuta njiani, yeye na ng'ombe kumi na wawili.

Kurudi Chimala Kudra aliisukuma baiskeli tu, hakuipanda. Alikuwa anaona haya. Majuma matatu ya kazi, nakala sita, ramani ya rangi, na hakuna mahali alipojiuliza nani atamfungulia nani mlango. Walipofika barabarani akamwambia Asukile kwamba kesho wanapanda Itundula kumwona Jailos. Asukile akasema yeye kesho ana chanjo. Kudra akamwambia chanjo itangoja.

Jailos alikuwa mtu mfupi, mpana, mkulima hodari ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote. Alisikiliza pendekezo akiwa amesimama. Kila kaya ya Kwa Nkuba iweke ng'ombe wawili kwa kaya moja ya Itundula, sasa hivi kabla ya masika. Maji yakipanda, kaya ile ifikie pale pale penye ng'ombe wake, na mifugo iliyobaki iwe na shamba moja la kijiji lililolala, lizungushiwe miiba. Jailos akacheka mpaka akakohoa. Miaka minne anafukuza ng'ombe mashambani, leo serikali inamwambia awalaze kwake! Akamtajia mashamba yaliyoliwa, moja moja, na la kusema ukweli yalikuwa mengi.

Kudra hakubishana. Alikulia nyuma ya kaunta ya duka. Alijua mteja huachwa amalize. Jailos alipomaliza, akamuuliza kijiji kina plau ngapi. Hakina hata moja. Na ardhi ya huku juu inatoaje siku hizi? Jailos akakiri, kwa shida, kwamba imechoka. Hapo Asukile, ambaye kumbe alikuwa mtu akiamua, akaingilia kati akaeleza jinsi Wasukuma wanavyolima kwa maksai, na samadi ya ng'ombe wawili inavyoweza kuamsha shamba lililolala. Wanawake waliokaa pembeni wakawa wananong'ona habari ya maziwa. Mke wa Jailos, Roza, mama wa watoto watano, hakunong'ona. Alisema kama mwenyekiti hataki, yeye anataka.

"Na mahindi yakiliwa?" Jailos akamuuliza.

"Yataliwa na ng'ombe wa hapa nyumbani," akasema Roza. "Utamfunga kamba mwenyewe."

Nisiseme ilikuwa rahisi, nitakuwa mwongo. Vikao vilichukua karibu mwezi. Wasukuma waliogopa ng'ombe wao wataliwa na kuambiwa wamekufa. Wasangu waliogopa kwamba leo ni wawili, kesho ni kundi. Wakakubaliana kwamba ng'ombe akifa, mwenye kumtunza aoneshe ngozi, na ng'ombe akizaa mara ya pili, ndama ni wa mtunzaji. Kaya ishirini na sita kwa kaya ishirini na sita, wakawa wanachaguana kwa kutazamana usoni. Mzee Nkuba akamchukua Sedekia, mzee mwenzake. Wakaendelea hivyo mpaka akabaki Jailos. Hakuna aliyemtaka, na sababu kila mtu aliijua. Watu wakainama.

Kashindye akasimama.

"Wangu wawili watakwenda kwa Jailos," akasema. "Nataka anywe maziwa yangu kila siku."

Kama ilikuwa msamaha au adhabu, hakuna aliyejua. Jailos mwenyewe hakujua. Alipokea kamba, akasema ahsante mama. Tangu siku hiyo Kashindye alipanda Itundula kila baada ya juma moja kuwaangalia ng'ombe wake. Alikaa na Roza, wakachambua maharage, wakacheka. Jailos akiingia, Kashindye alinyamaza mpaka atoke.

Desemba Kudra akampelekea Bwana Fanueli mpango mpya. Palipoandikwa aina ya usafiri, pameandikwa miguu. Palipoandikwa mahali pa kufikia, hapakuwa na shule. Palikuwa na kwa Sedekia, kwa Filemoni, kwa Jailos, majina ishirini na sita, kila moja na jina la kaya itakayofikia. Bwana Fanueli akaugeuza huku na huku kama anatafuta mpango wenyewe uko wapi. Akasema serikali haipangi urafiki, binti. Kudra akajibu kwamba haijaupanga, imeuandika tu ili mtu asije akausahau. Mzee wa watu akakuna kichwa, akasema haya yatachekwa mkoani, akatia sahihi. Alikuwa mwoga, lakini sahihi yake ilikuwa halali.

Mvua za msimu huo hazikuwa na adabu. Machi ilipofika, mito yote inayoshuka kutoka milimani ilikuwa imejaa, na Alhamisi moja asubuhi karani wa kata akapiga simu kwamba maji yamefika alama. Kudra akamuuliza kama watu wameanza kutoka. Simu ikakatika. Akapiga mara tano, akapata mlio tu. Gari la ofisi lilikuwa Kagera. Akaenda barabarani, akasimamisha gari la posta, akamwomba dereva kwa jina la Mungu na la serikali, akashuka Chimala jioni amelowa chapachapa. Asukile hakuwapo, alikuwa ametangulia. Kulipopambazuka Kudra akapanda Itundula kwa miguu, viatu mkononi.

Njia nzima aliwaza yale majina saba. Aliwaza watu wamesimama tena uani mwao wanatazama maji, na safari hii hata lori la kuwapigia honi hakuna. Kama wamekaa, basi yeye ndiye aliyewaambia wasingoje gari. Alimwomba Mungu waziwazi, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumcheka.

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa moshi, na cha pili kilikuwa ng'ombe, mamia, wamejaa ndani ya lile shamba la miiba, wanalalamika kwa njaa lakini wazima. Kudra akasimama barabarani akalia. Kisha akafuta uso, akatoa orodha mkobani, akaenda nyumba hadi nyumba. Kwa Filemoni wamefika, watu tisa. Kwa Sedekia, Mzee Nkuba amefika, na wazee wawili walikuwa wanagombana kuhusu namna ya kumfunga maksai kana kwamba walizaliwa pamoja. Asukile alikuwa huko shambani anaswaga ndama, matope mpaka masikioni. Kaya ishirini na tano, zote.

Ya ishirini na sita ilikuwa kwa Jailos. Roza alikuwa mlangoni, khanga imekazwa kiunoni, macho yako bondeni. Ng'ombe wa Kashindye waliobaki walikuwa wamefika tangu jana na shemeji yake. Mwenyewe alisema atafuata. Hakufuata. Jailos alimngoja mpaka asubuhi, akachukua mti mrefu wa kupimia maji, akateremka.

Ilikuwa saa tatu. Kudra akakaa na Roza. Roza akamenya viazi. Kudra akajaribu kumsaidia, akajikata kidole. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Watoto watano walikula, wakauliza baba yuko wapi, wakaambiwa anakuja. Kudra hakuweza kuwatazama. Yeye ndiye aliyeandika majina yale mawili mstari mmoja, kwa mkono wake, akaona amefanya kazi nzuri. Alitaka kumwomba Roza radhi na hakupata pa kuanzia. Roza alizidi kumenya, na viazi vilikuwa vimeshazidi idadi ya watu kijijini.

Saa kumi na moja hivi watu wakapiga kelele ukingoni mwa kijiji. Walikuwa wawili, wamejaa tope mpaka kifuani. Kashindye mbele, anatembea kwa mti. Jailos nyuma, kabeba kinu cha mjane huyo begani, anahema kwa nguvu. Jailos alipita bila kumwamkia mtu, akaweka kinu ukumbini, akaenda moja kwa moja zizini. Roza akamfuata mbio. Kudra akachukua kalamu akaweka alama ya ishirini na sita.

Walipomvisha Kashindye nguo kavu na kumkalisha motoni, Kudra akamuuliza kwa nini hakuja, na ng'ombe wake wote walikuwa huku. Kashindye akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Ng'ombe walikuja. Mimi nilishindwa," akasema. "Nilifika pale mashamba yanapoanza nikaziona zile fimbo. Hapakuwa na mtu, mwanangu, mvua tu. Nikarudi nyumbani nikakaa."

Jailos alimkuta amekaa, maji yameshaingia ndani. Hakumfokea. Alimwambia yeye ndiye aliyemrudisha Seni, analijua hilo kila asubuhi akinyweshwa yale maziwa, na amekuja kumchukua. Kashindye akamwambia aende zake, ana watoto. Jailos hakwenda. Alikaa chini, pale pale sakafuni, ndani ya maji, akasema hawezi kurudi juu akamwacha mtu wa nyumba hii mara ya pili. Kama mama amekaa, na yeye amekaa.

"Nawe ukafanyaje?" Kudra akauliza.

Nje, Roza alikuwa anamgombeza mumewe kwa sauti ya mtu anayelia.

"Nilimwangalia. Maji yanampanda kiunoni, meno yanagongana, na hasimami. Nikaona huyu kweli atanifia hapa, na mke wake ni rafiki yangu." Akapuliza chai. "Nikamwambia, simama, baba. Chukua hicho kinu, twende kwako."